Mafiga Matatu ya Duka la Chapati

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Presha yangu imepanda. Daktari wa kliniki ya kona ameitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama tena mashine. Akasema nipunguze mawazo, nilale vizuri, nipumzike. Nikamwambia mimi, Ku Teng-feng, ni mfanyabiashara. Mawazo ndiyo mtaji wangu. Akaandika dawa bila kucheka.

Nikarudi dukani kwa mwendo wa mgonjwa. Chapati za mayai, maziwa ya soya, keki za figili: hayo ndiyo maisha yangu tangu niache kuuza bima. Mke wangu Pi-yun alikuwa kwenye chuma cha moto, anageuza chapati sita kwa mkupuo. Dada Lien, mfanyakazi wetu, alikuwa anafunga oda za watu wa reli. Nikawatangazia habari za presha yangu. Pi-yun akasema pole, halafu akaniomba nisogee kidogo, nimeziba njia.

Ng'ambo ya barabara, duka la chapati la Hsiao limefungwa. Kila Jumatatu anafunga! Mtu mzima, ana afya, hana msiba, anafunga duka. Nilisoma naye shule ya msingi. Hata wakati ule alikuwa anamaliza hesabu mapema kisha analala juu ya dawati. Na bado kila Jumanne foleni yake inafika hadi kwa fundi pikipiki. Watu wa mji huu wa Chiayi hawajui kitu kizuri.

Jioni nimefikiri sana, licha ya onyo la daktari. Nimegundua kanuni. Biashara ndogo ni chungu, na chungu hukaa juu ya mafiga matatu: kazi, mapumziko na motisha. Duka letu lina figa moja tu, kazi. Ndiyo maana linayumba. Kwa hiyo nimegawa mafiga kwa haki, kila mtu kwa kipaji chake. Kazi: Pi-yun na Dada Lien, wana mikono mizuri. Mapumziko: mimi, kwa amri ya daktari. Motisha: mimi pia, maana hakuna mwingine anayeiweza. Mafiga mawili kwangu peke yangu, moja kwao wakiwa wawili. Mzigo wangu ni mkubwa, lakini sitalalamika.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Motisha imeanza leo alfajiri. Niliamka mapema, jambo ambalo kwa kawaida namwachia Pi-yun. Nikawapanga mstari mbele ya jiko, mkono kifuani, wafuatishe nyuma yangu: Chapati ni moyo wangu! Mteja ni jua langu! Uchovu ni uzushi! La tatu nimelitunga mwenyewe. La kwanza na la pili pia.

Pi-yun akasema uchovu si uzushi, uko hapa kiunoni, kama nataka anaweza kunionyesha mahali penyewe. Dada Lien akauliza kwa adabu kama maziwa ya soya nayo yapige ukelele au ayaepue, maana yanafurika. Nikamwambia nidhamu kwanza. Sufuria nzima ikaungua.

Tulipofika raundi ya tatu akatokea Mama Chan, mwenyekiti wa mtaa, amevaa nguo za kulalia na ndara zisizofanana. Akasema mjukuu wake ameamka. Mbwa wa ghorofa ya pili ameamka. Mzee wa ghorofa ya tatu amedhani ni tetemeko la ardhi, kashuka ngazi zote amekumbatia picha ya marehemu mkewe. Aliniomba motisha yangu niipige kimyakimya.

Tukajaribu kunong'ona. Akaingia mteja, akatukuta tumesimama mstari, mikono vifuani, vichwa chini, tunanong'ona. Akatupa pole. Akauliza mazishi ni lini. Akaondoka bila kununua, kwa heshima.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Mapumziko yanataka nidhamu kuliko kazi. Mtu mwepesi wa roho angesubiri wateja wapungue ndipo aondoke. Mimi nimeondoka wakati watoto wa shule wamejaa hadi mlangoni. Daktari hakusema nipumzike baada ya chai.

Nilimwambia Pi-yun naenda kumwona muuza unga. Sikudanganya. Muuza unga anakaa njia hiyohiyo ya kwenda bwawa la kulipia, la kuvulia kamba.

Bwawa zuri sana, chini ya paa la bati, nyuma ya soko la mboga. Maji ya kijani. Wanaume wamekaa juu ya viti vya plastiki, kila mmoja na fimbo yake ya kuvulia, hakuna anayemsemesha mwenzake. Nikavuta pumzi. Nikahisi presha inashuka kama lifti.

Kisha nikamtazama jirani yangu. Bibi mmoja wa makamo, kofia ya majani, macho mabovu, anatoa kamba majini kama anayechambua maharage. Mimi sijapata hata mmoja. Nikabadili chambo. Nikabadili fimbo. Nikamwomba tubadilishane viti. Akakubali kwa roho safi, kamba wakamfuata. Kichwa kikaanza kugonga. Yule bibi akaniambia taratibu kwamba nimeshika fimbo kama mtu anayetafuta wa kumchapa.

Niliporudi Pi-yun alininusa. Akasema unga wa siku hizi unanuka kamba. Nikamjibu ni aina mpya, unatoka pwani. Dada Lien akacheka kwenye mkono wa blauzi yake, kicheko cha kwanza wiki hii. Motisha imeanza kufanya kazi.

Jumapili, tarehe 12 Machi

Jana na leo wateja walikuwa wengi na sura zilikuwa ndefu. Nimeamua kutoa tuzo ya Mfanyakazi Bora.

Kabla sijatangaza, Dada Lien akaniita pembeni. Alikuwa amejifuta mikono, akavua aproni kabisa, kama mtu anayeenda hekaluni. Akasema kesho mjukuu wake wa kwanza anatimiza mwezi. Binti yake kule Taichung ameandaa karamu ya mwezi, mayai mekundu, wali wa mafuta, ndugu wote wa upande wa mkwe watakuwepo. Anaomba Jumatatu moja. Hajapumzika tangu mwaka mpya.

Ombi zuri, lakini lilikuja wakati mbaya, maana nilikuwa na hotuba mkononi. Nikamwambia Dada Lien, subiri kwanza, nina habari itakayokufurahisha zaidi. Nikapanda juu ya ndoo. Nikatangaza kwamba Mfanyakazi Bora ni yeye! Na tuzo yake si kikombe wala cheti, vitu vya kukusanya vumbi. Tuzo yake ni ufunguo wa duka. Kuanzia kesho yeye ndiye atakayefika wa kwanza na kuinua shata ya mlango. Heshima hiyo sijawahi kumpa mtu yeyote, isipokuwa Pi-yun, ambaye amekuwa nayo kila siku bila kuithamini.

Dada Lien aliutazama ule ufunguo muda mrefu. Akauliza kwa sauti ndogo, na Taichung je? Nikamweleza kwamba Mfanyakazi Bora hawezi kukosekana siku ya kwanza ya ubora wake. Mtoto atatimiza miezi mingine. Macho yake yakalowa. Furaha, nadhani.

Pi-yun amenigeuzia mgongo tangu hapo. Anakata majani ya vitunguu kwa kisu kikubwa kuliko kawaida.

Jumatatu, tarehe 13 Machi

Nimerudi bwawani na mbinu mpya: maini ya kuku. Nikamkuta nani? Hsiao. Amekaa na mkewe, miguu wameinyoosha, kamba wa chumvi wanaiva taratibu kwenye jiko dogo, wanalishana kama maharusi. Mtu ambaye amefunga duka! Nikakaa mbali. Akaniita kwa jina la shuleni, Kijiti, mbele ya watu.

Akaniuliza kama Dada Lien amefika salama Taichung. Kumbe mtaa mzima unajua habari za karamu hiyo. Nikamjibu Dada Lien yuko kazini na ana motisha ya kutosha. Mkewe Hsiao akaweka chini kamba aliyekuwa anamenya. Hsiao akasema maneno ambayo nayaandika ili siku moja nimwonyeshe jinsi yalivyokosa mantiki ya biashara.

"Teng-feng, nikifunga Jumatatu, chapati hazilii. Watu ndio wanaolia."

Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu mwenye foleni. Tukabishana. Mwisho tukawekeana dau, nani atavua kamba wengi zaidi. Nikishinda mimi, Hsiao anashusha bango lake jipya lenye taa. Akishinda yeye, nafunga duka Jumatatu ijayo na wanawake wangu wanapumzika. Nilikubali kwa ujasiri. Yule bibi mwenye kofia ya majani akakubali kuwa mwamuzi.

Sitaandika matokeo kwa kirefu. Maini ya kuku yanateleza. Fimbo ikanasa kwenye kitu kizito, nikajua ni baba yao kamba wote, nikasimama juu ya ukingo kumvuta. Alikuwa bomba la kuingiza hewa majini. Nikaingia bwawani kichwa mbele. Hsiao na mkewe walinitoa, mmoja kola, mmoja mkanda. Simu yangu imekufa maji.

Bibi akatangaza mshindi ni Hsiao. Nikatoa pingamizi kwamba dau lililowekwa na mtu mwenye presha halina nguvu. Watu wakacheka, wakageukia maji yao.

Nilipofika dukani nimeloa, nikaambiwa gesi iliisha katikati ya asubuhi. Pi-yun alinipigia simu mara nyingi. Ilibidi wabebe mtungi wao wawili kutoka kwa muuzaji, kwenye kitoroli cha kubebea mboga. Nikawaambia, mnaona? Motisha.

Jumanne, tarehe 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimeshuka ngazi kutoka nyumbani, juu ya duka, nikidhani nimechelewa kusikia harufu ya soya. Hakukuwa na harufu. Shata iko chini. Ufunguo umening'inia kwenye msumari, umefungwa utepe mwekundu niliouweka mwenyewe siku ya tuzo. Nikainua shata. Ng'ambo ya barabara, mbele ya chuma cha moto cha Hsiao, amesimama Dada Lien. Amevaa aproni mpya. Anageuza chapati kama zamani, ila leo anaongea na wateja.

Nikapanda juu kumwambia Pi-yun kwamba tumesalitiwa. Nikamkuta amevaa viatu vya safari. Akasema anakwenda kwa dada yake Pingtung. Nikamuuliza kwa kazi gani. Akasema kwa kulala.

Nikamkumbusha kanuni. Nikamwambia bila yeye figa la kazi linaanguka, na chungu kinamwagika. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo amelifanya kwa miaka yote ya ndoa yetu, na ndilo lililonitia hofu.

"Mimi si figa, Teng-feng," akasema. "Figa ni jiwe. Jiwe halichoki. Mimi jana nimebeba mtungi wa gesi, na Lien analia njia nzima kwa sababu mjukuu wake anapakatwa na watu wengine. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa napunguza mawazo.

"Sasa umepungukiwa na watu," akasema. "Motisha nimekuachia yote. Sijaitumia."

Akashuka. Teksi ikamchukua. Mimi nikabaki ngazini, najaribu kukumbuka kama nilipaswa kusema samahani kabla ya neno mawazo au baada yake.

Jumatano, tarehe 15 Machi

Nimefungua duka peke yangu. Nilisimama mbele ya jiko, mkono kifuani, nikajipigia ukelele. Haufai ukiwa peke yako. Unasikia sauti yako mwenyewe.

Sikujua kwamba soya hulowekwa tangu usiku. Nikaisaga kavu, mashine ikatoa moshi. Sikujua unga wa chapati hupumzishwa. Hata unga hupumzika katika nyumba hii! Chapati ya kwanza ilishika kwenye chuma. Ya pili ikashika juu ya ya kwanza. Mfanyakazi mmoja wa reli akaagiza kama kawaida yake. Nikamuuliza kawaida yake ni ipi. Akashangaa, akasema ni chapati ya mayai yaliyoiva kabisa, pilipili kidogo, maziwa vuguvugu nusu sukari, na Mama Pi-yun huanza kumtengenezea akimwona anaegesha baiskeli.

Watoto wa shule walisubiri, wakatazamana, wakavuka barabara wote kwa pamoja kama bata. Mzee wa ghorofa ya tatu pekee alibaki, kwa sababu magoti yake hayavuki. Akaingia nyuma ya kaunta, akajikaangia yai lake, akanikaangia na mimi.

Nimeungua vidole viwili. Wateja walipokwisha nilikaa juu ya gunia la unga. Duka lilikuwa kimya. Kwa kawaida saa hizo Pi-yun anakata majani ya vitunguu ya kesho, tak tak tak, na mimi namwambia apunguze kelele nipumzike. Nikachukua kisu, nikakata kidogo. Haikuwa ile sauti. Nimelia. Vitunguu, kwa sehemu.

Jumamosi, tarehe 18 Machi

Siku tatu hizi nimekuwa nafikiria namna ya kumwokoa Dada Lien kutoka kwa Hsiao. Nilivaa barakoa, kofia ya mvua na miwani ya jua, nikaingia kwenye foleni yake kama mteja. Foleni ndefu. Nikajikuta nimesahau hasira, nimeanza kuona njaa. Ilipofika zamu yangu nikabadili sauti, nikaagiza chapati mbili. Dada Lien hakuinua hata uso. Akasema, "Za kwako nisitie pilipili, bosi. Una presha."

Foleni nzima ikageuka.

Nikavua miwani. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nilikosea kuhusu Taichung. Maneno hayo yalitoka yenyewe, sikuyapanga, na ndiyo maana yalitoka vizuri. Mkono wake ukasita juu ya mwiko. Akasema Hsiao amemwahidi Jumatatu hii atakwenda kumwona mtoto. Hataki mshahara mkubwa, hataki tuzo. Akiwa na Jumatatu, na Pi-yun akirudi, naye atarudi, maana wamezoeana. Bila Pi-yun asisumbuliwe.

Hsiao alikuwa anasikia. Nilitegemea anicheke. Alinifungia zile chapati akakataa malipo, na hilo sijamsamehe.

Nimempigia Pi-yun kwa simu ya Mama Chan. Masharti yake: duka lifungwe kila Jumatatu. Ukelele ufe. Mimi niamke anapoamka yeye, nioshe vyombo, niloweke soya, nibebe gesi. Bwawani niende siku ambayo kila mtu anapumzika. Mama Chan alikuwa amesimama karibu, anaitikia kwa kichwa kila sharti kama shahidi wa ndoa. Nimekubali yote. Nikakata simu. Mama Chan akanipa chai, akaniambia nisiiharibu ndoa yangu tena.

Jumapili, tarehe 26 Machi

Matokeo ya ajabu. Pi-yun alirudi, na Jumatatu iliyopita tulifunga. Nilidhani nitaugua. Nililala mpaka mchana, Pi-yun akalala mpaka mchana, tukala tambi kwa watu wengine kama watalii. Dada Lien alikwenda Taichung, akarudi kazini kwetu na mayai mekundu ambayo binti yake alimwekea, akatugawia, akatuonyesha picha za mtoto mpaka simu ikaisha chaji. Jumanne foleni yetu ilifika mlangoni kwa kinyozi. Wateja walisema walikuwa na hamu na sisi. Pi-yun ameanza tena kuimba akigeuza chapati. Sikuwa nimegundua kwamba aliacha.

Mimi naosha vyombo, nabeba gesi, usiku nalala kama gogo. Jana daktari ameitazama mashine, akaniuliza nimefanya nini. Presha imeshuka. Nikamwambia ni kanuni yangu. Niliigundua mwenyewe, tarehe sita. Ilihitaji marekebisho madogo tu ya utekelezaji.

Nilipotoka kliniki nilizungumza na Mama Chan, akasema ni kweli, wenye maduka wa mtaa huu wote wamechoka, wangefaa kusikia. Nadhani alikuwa na haraka, lakini sikumwacha mpaka akanipa ukumbi wa mtaa. Nitatoa mhadhara: Namna ya Kumpumzisha Mfanyakazi. Nimekwishabandika matangazo mpaka stesheni. Hsiao nimemwekea kiti cha mbele, ajifunze.

Ukumbi una nafasi siku moja tu, kesho Jumatatu. Kwa bahati nzuri tumefunga, kwa hiyo Pi-yun na Dada Lien hawana shughuli. Jioni hii nimewapa ratiba: alfajiri wakaange chapati za wageni, kama mia hivi, wapange viti, kisha wakati wa mhadhara wasimame pembeni yangu, wima, wakitabasamu, watu waone jinsi mfanyakazi aliyepumzika anavyoonekana. Mimi sitaweza kusaidia vyombo, lazima nitunze sauti.

Walitazamana. Hawakubishana hata kidogo. Hiyo ndiyo tofauti ya watu wenye motisha.

Dada Lien ameniomba namba ya simu ya Hsiao. Anataka kumkumbusha asikose, bila shaka. Na Pi-yun yuko chumbani, nasikia anafungua kabati na kukunja nguo nyingi. Anachagua ya kuvaa kesho. Nimemwambia nikiwa mlangoni achukue muda wake, ila asisahau kuloweka soya.